Hori, Kihori na Noeli ya Iyula

Iyula ni kata ya wakulima katika wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, kule Nyanda za Juu Kusini ambako msomaji wa visiwani huenda hajapata kufika. Kabla ya mwaka 2016 sehemu zote hizo zilihesabiwa kuwa mkoa wa Mbeya. Ni nchi ya Wanyiha, nchi ya mibuni na mahindi, migomba na ng'ombe, na msimu wake wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka: huanza Novemba, ukakoma Aprili. Kwa hiyo Desemba huikuta Iyula katikati ya matope na majani mabichi. Mahindi yamefika magotini, mibuni imebeba matunda ya kijani ambayo hayatavunwa mpaka katikati ya mwaka ujao, ghala limepungua, na fedha kidogo iliyosalia inagombewa na mfuko wa mbolea, sare za shule za Januari, na sikukuu. Atakaye kuzungumza juu ya namna inayofaa ya kuadhimisha Noeli katika kanisa la mahali kama hapo sharti aanzie kwenye ghala na matope, kisha ndipo aingie kanisani.

Naam, Noeli. Wakatoliki wa Bara hulipenda neno hilo lenye asili ya Kifaransa pale ambapo majirani zao Wamoravian na Walutheri husema Krismasi. Lakini neno lenye uzito zaidi katika sikukuu hiyo ni dogo kuliko yote mawili, na kila mfasiri aliyepata kuishughulikia Injili ya Luka kwa Kiswahili amesimama mbele yake: hori. Mtoto alilazwa horini. Sasa kwa mtu wa Pwani hori ni mkono wa bahari uingiao nchi kavu; ni chombo kidogo cha majini pia; na kihori ni kile ambacho kijana mmoja hukiendesha kwa kafi moja bila ya kuhitaji baharia wa pili. Maana ya chombo cha kulishia mifugo imo katika kamusi, ila siyo ya kwanza kumjia mtu kichwani. Mtoto wa Unguja asikiapo kwa mara ya kwanza kwamba Yesu alilazwa horini, ana haki ya kumwona juu ya maji, akibembezwa na wimbi dogo la asubuhi. Picha hiyo si mbaya, ingawa Luka hakuikusudia.

Mtoto wa Iyula hana haja ya kufafanuliwa. Hori analijua kwa pua kabla ya macho: gogo lililochimbwa tumbo, pumba zilizolowa, mate ya ndama. Yeye na Luka wanasema lugha moja. Ndiyo maana inasikitisha kwamba katika makanisa mengi ya vijijini, si Mbozi peke yake, hori ndilo jambo linalopotea kwanza mapambo yanapoanza.

Mapambo yenyewe hutoka wapi? Kwa watu wa Mbozi jibu la karibu ni Tunduma, mji wa mpakani unaotazamana na Nakonde ya Zambia, ambako barabara kuu na reli ya TAZARA huvuka, na ambako kila kitu kinachouzika hupita. Hapo yanapatikana maua ya plastiki yasiyonyauka, shada za karatasi ing'aayo, maputo, na zile taa ndogo za kuwaka na kuzima ambazo nyingine zina kijisanduku kinachotoa nyimbo kwa sauti nyembamba ya mbu. Mti wa msonobari hukatwa, ukasimamishwa karibu na altare, ukavikwa pamba ya dukani iliyochanwachanwa. Pamba hiyo ni theluji. Hakuna aliyepata kuiona theluji Iyula, wala Luka hakuiandika. Imekuja katika kadi za salamu kutoka Ulaya, kadi zikaisha, yenyewe ikabaki.

Haitakuwa haki kuwacheka wapambaji. Kina mama na vijana wanaokesha kanisani usiku wa tarehe 23, wakipanda ngazi za miti kufunga kamba kwenye kenchi, wanafanya kazi ya mapenzi bila ya ujira. Kanisa la kijiji lina kuta tupu na bati. Mwaka mzima jicho halipati kitu cha kulifurahisha. Akili yao ya kutengeneza pango ni ya kustahiwa: mifuko mitupu ya saruji hulowekwa, ikafinyangwa, ikakaushwa na kupakwa rangi ya kijivu na kahawia mpaka ikafanana na mwamba kiasi cha kumfanya mtoto aguse ajue ni nini. Hiyo ni sanaa. Imezaliwa kutokana na kitu kilichokuwapo na mkono uliokuwapo. Tena jina lenyewe, pango, ambalo Wakatoliki wetu wamelipa tandiko zima la Noeli, lina asili ya kale kuliko wengi wanavyodhani. Luka hataji pango. Lakini Yustino Mfiadini, katika karne ya 2, tayari alikuwa akisimulia kwamba Yesu alizaliwa pangoni, na kanisa kongwe la Bethlehemu limejengwa juu ya pango. Wafinyanzi wa mifuko ya saruji wako katika mapokeo mazuri. Taabu huanza pamba inapopandishwa juu ya mwamba huo.

Kanisa Katoliki lina taratibu zake juu ya jambo hili, na zimeandikwa kwa maneno machache kuliko watu wanavyofikiri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliwataka maaskofu watafute uzuri ulio na heshima kuliko ufahari wa gharama. Maelekezo ya Misale ya Roma, toleo la tatu lililotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, yanakwenda mbali zaidi: vitu vinavyopamba kanisa viwe vya kweli, maua yawe kwa kiasi, tena yawekwe kando ya altare na wala si juu ya meza yake. Na wakati wa Majilio, yale majuma manne ya kungoja, maua na ala za muziki vipunguzwe, ili furaha ya kuzaliwa kwa Bwana isitangulie kuliwa kabla ya siku yake.

Sentensi hiyo ya mwisho yafaa isomwe polepole na wapenzi wa ushairi, kwani wao wanaielewa pengine kuliko mapadre. Shairi lililotungwa vyema huchelewesha jambo. Mtunzi hujenga ubeti mshororo kwa mshororo, akiyazuia maneno ambayo msikilizaji tayari anayatamani, ndipo kituo kikashuka kikiwa na uzito wake wote. Mwaka wa Kanisa umetungwa vivyo hivyo. Katika Majilio padre huvaa zambarau. Wimbo wa Utukufu, ambao ndio wimbo wa malaika wa Bethlehemu, huondolewa katika Misa za Dominika. Kuanzia tarehe 17 Desemba sala za jioni hupanda ngazi ya matarajio siku baada ya siku. Kisha usiku wa Noeli Utukufu unarudi, na katika parokia nyingi kengele hupigwa wakati huo, na watu ambao wameunyamazia kwa majuma manne huimba kama waliofunguliwa mdomo. Sasa kwaya ambayo tangu wiki ya kwanza ya Desemba imekuwa ikiimba nyimbo za Noeli kanisani, kwa kinanda cha umeme kilichofunguliwa mpaka mwisho, na taa zimewaka tangu tarehe 10, itakuwa imebakiza nini cha kuutolea usiku wenyewe? Imetoa kituo katika mshororo wa kwanza.

Saa ya Misa ni jambo dogo kuliko hilo. Wazee hulalamika kwamba Misa ya usiku wa manane imekuwa Misa ya saa 2 au saa 3, kwa sababu ya usalama na mwendo mrefu wa kurudi majumbani gizani. Lakini vitabu huiita Misa ya usiku tu, na hata mjini Roma Papa Benedikto wa 16 aliisogeza hadi saa 4 mwaka 2009. Mkulima wa Iyula atakayetembea kwenye utelezi akiwa na mtoto mgongoni hana la kuombea radhi.

Lipo tendo moja la usiku huo ambalo msomaji wa Pwani atalitambua mara moja kana kwamba amelikuta nyumbani kwake. Maulidi ya Barzanji yanaposomwa, iwe Lamu au Unguja, watu wamekaa, ubani unafuka kwenye chetezo, marashi yanapitishwa. Na msomaji afikapo mahali pa kuzaliwa Mtume, jamaa wote husimama. Ndicho kiyamu. Hakuna anayekumbusha, miili yenyewe inajua. Katika Kanisa Katoliki watu husali Nasadiki kila Dominika wakiwa wamesimama, na hufikia maneno ya Mwana wa Mungu kutwaa mwili kwa Bikira Maria wakiinama tu. Lakini siku mbili katika mwaka, Noeli na Kupashwa Habari kwa Bwana tarehe 25 Machi, wote hupiga magoti mahali hapo. Huku wanasimama, kule wanapiga magoti, na pande zote mbili habari ya kuzaliwa imeshuka kutoka masikioni ikaingia kwenye viungo vya mwili. Tendo hilo halina gharama, wala halihitaji umeme, ambao nao hupenda kukatika usiku wa mvua. Hata hivyo lipo hatarini, kwa kuwa kwaya inapoimba Nasadiki ya madoido na mbio, mstari huo hupita watu wakiwa wameshughulika kupiga makofi, na magoti hukumbukwa umekwishapita.

Chetezo nacho ni neno moja kwa watu wote wawili. Ubani ni ule ule wa njia za kale za Bahari ya Hindi. Na tukiwa katika kuhesabu alichopeleka mtu wa visiwani huko nyanda za juu, tusiisahau karafuu: pilau ya Noeli, ambayo leo hupikwa hata mahali ambapo bibi zao hawakuijua, haikamiliki bila yake. Iyula hupambwa na Pemba bila ya mmoja kumwona mwenziwe. Unguja kwa upande wake imezoeana na Noeli tangu zamani. Mapadre wa kwanza Wakatoliki wa zama zetu, wakiongozwa na Armand Fava kutoka Réunion, walifika Unguja Desemba 1860. Na jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana la Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa, liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873, miezi michache tu baada ya soko hilo kufungwa.

Turudi kwenye hori. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, Fransisko wa Asizi alitaka kuona kwa macho yake dhiki aliyozaliwa nayo mtoto wa Bethlehemu. Mwandishi wa maisha yake, Tomaso wa Celano, ameeleza alichoagiza: hori, majani makavu, ng'ombe na punda. Basi. Watu wa vijiji vya jirani walikuja na mienge, Misa ikasomwa mahali pa hori, na Fransisko, ambaye alikuwa shemasi, akaimba Injili na kuhubiri. Hapakuwa na sanamu za plasta, nyeupe mashavuni na buluu machoni. Mtoto waliyemngojea ni yule anayekuja katika mkate wa altare. Papa Fransisko alipokwenda huko huko Greccio tarehe 1 Desemba 2019 kutia saini barua yake juu ya pango la Noeli, aliwahimiza watu waendelee na desturi hiyo majumbani, mashuleni, mahospitalini, hata viwanjani.

Atakayeitazama orodha ile ya Greccio ataona kwamba Iyula inayo yote, ukimwondoa punda, na hata punda hakosekani kwa jirani. Kitu ambacho mji wa Ulaya wa leo ungelazimika kukikodi, kijiji cha Mbozi hukifunga zizini kila jioni. Hori la kweli lililosuguliwa likasafishwa, likawekwa pembeni chini ya mwamba wa mifuko ya saruji bila ya kuiziba altare, lingesema zaidi kuliko taa zote za Tunduma. Nyasi za Desemba ni ndefu, zinahitaji tu kukatwa mapema na kuanikwa panapo jua kati ya mvua na mvua. Migomba ina majani ya kutosha kuezeka vibanda kumi. Mti ule ambao wengi Bara huuita mkrismasi, kwa kuwa maua yake mekundu hufumuka mwezi huo huo, hufanya vizuri zaidi kuliko msonobari uliovikwa pamba. Pwani watu wamekuwa wakitumia mvinje, na hakuna aliyelalamika. Ua la kweli hunyauka. Ni kweli, na ndiyo maana mtu hulazimika kulibadilisha, kurudi kanisani tarehe 27 na tarehe 31, akafagia, akatia maji. Ua la plastiki humruhusu asirudi.

Kuna mfano mwingine nchini wa watu kuleta vyao mbele ya altare. Bujora, nje kidogo ya Mwanza, Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, aliwaacha Wasukuma waingize alama zao ndani ya kanisa: jengo lina umbo la nyumba ya mtemi, na samani zake takatifu zimechukua sura ya vitu vya enzi ya Kisukuma. Wanyiha nao si watu wasio na kitu. Zamani walikuwa wayeyushaji na wafua chuma waliojulikana, na ajabu ya Mungu, nchi hiyo hiyo ya wafua chuma ndiyo iliyoangukiwa na chuma kutoka mbinguni. Kimondo cha Mbozi, kilichoanza kuandikwa na wageni mwaka 1930, kimelala Marengi katika wilaya hiyo hiyo ya Iyula: pande la chuma na nikeli lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito wa zaidi ya tani 10. Kila Desemba watoto wa wilaya hiyo hukata nyota ya karatasi ya fedha na kuitundika juu ya pango, nao wana jirani aliyewahi kuwaka angani kwelikweli. Mhubiri wa Tokeo la Bwana anayepanda mimbari Mbozi akaieleza nyota ya mamajusi bila ya kukitaja kimondo, ama ni mgeni ama amechoka.

Hayo yote, hata hivyo, ni mepesi karibu na mambo mawili ambayo ndiyo yanayoamua kama Noeli imeadhimishwa sawasawa.

La kwanza ni mchango. Mapambo ya dukani hulipiwa kwa mchango, na mchango hugawanywa kwa jumuiya ndogo ndogo, na jumuiya huwa na daftari. Mjane ambaye mwezi huo amechagua kununua mbolea ya kukuzia mahindi yake amefanya uamuzi wa busara. Watoto wake watakula Juni. Lakini jina lake limebaki wazi daftarini, na Noeli inapofika huona haya kukaa mbele, au husema ana homa. Kanisa lililopambwa kwa fedheha ya mjane limepambwa vibaya hata kama maua yake yangetoka bustani ya mfalme. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Vipi basi mgeni wa usiku huo aje kwa mwenyeji anayejificha? Nyasi, majani ya mgomba na hori havina daftari. Mjane anaweza kuleta shehena kubwa kuliko mwenye duka, na watu wakaiona ikiwekwa.

La pili ni vigango. Paroko mmoja wa vijijini huwa na vigango vingi, barabara za udongo, na pikipiki au gari lililochoka. Sheria inamruhusu kila padre kuadhimisha Misa tatu siku ya Noeli, kila moja kwa saa yake: ya usiku, ya alfajiri, na ya mchana. Zaidi ya hizo ipo Misa ya mkesha wa jioni ya tarehe 24, yenye Injili ya nasaba ya Yesu kutoka kwa Mathayo, jina juu ya jina tangu Abrahamu. Kitabu kinaruhusu kuifupisha na wengi huifupisha, jambo ambalo Mswahili anayejua thamani ya nasaba hataacha kulionea uchungu. Hata akitumia ruhusa yake yote, padre hawezi kufika kila mahali. Vipo vigango ambavyo tarehe 25 huwa na katekista tu, anayeongoza ibada ya Neno, na watu wakaimba, wakapiga magoti kwenye Nasadiki, wakarudi nyumbani bila ya komunyo. Padre atawafikia tarehe 27, au 28, au Dominika.

Huko ndiko utaratibu wa kale unapoonyesha huruma yake. Noeli ya Kanisa haiishi jioni ya tarehe 25 kama biashara ya Tunduma inavyoisha. Ina oktava ya siku nane, inapita kwa Stefano, kwa Yohane, kwa Watoto Mashahidi, inafika kwa Maria Mama wa Mungu tarehe 1 Januari, kisha Tokeo la Bwana, na inafungwa siku ya Ubatizo wa Bwana. Kigango kinachompata padre tarehe 28 hakijaletewa makombo. Kimo ndani ya sikukuu yenyewe, na Utukufu unaimbwa kwa haki. Sharti lake ni moja: mapambo yasiwe yamekwisha kuvunjwa, kwaya isiwe imekwenda mapumziko, na parokiani wasiwe wamechukua taa zao zote wakakiachia kigango kuta tupu. Wapo makatekista wanaolijua hilo, na huweka walinzi wa zamu kwa watoto ili mbuzi wasiingie kulila pango kabla padre hajafika.

Baada ya Ubatizo wa Bwana pango hubomolewa. Mifuko ya saruji hukunjwa na kuhifadhiwa kwa mwaka ujao, sanamu hufungwa katika kitenge kikuukuu na kurudishwa sakristia, na hori, pale lilipotumika la kweli, hurudi zizini likiwa bado na majani yake. Wakati huo mahindi yamempita mtu kifua, na palizi ya pili inangoja.